Uliyemwita Shangazi

Nyemo,

Barua huanza kwa salamu, kisha mtu akaulizia hali, kisha ndipo akasema shida yake. Salamu zangu leo nimezizuia. Na hali yako naijua: uko kwa rafiki yako Matika unasukwa nywele, mnacheka, na utarudi jua likiinama. Nina alasiri hii moja tu. Nina hasira pia. Nakwambia mapema, usije ukadhani ni mwandiko wangu tu ulio mbaya.

Kesho unapanda treni kwenda Tabora kuolewa na Salumu, huyo karani wako wa stesheni. Sitakufundisha kupika wala kumtengea mume maji ya kuoga. Mikono yako imefanya kazi tangu una miaka saba, na sababu yake ni mimi. Nataka tuseme juu ya siku nne zilizopita, na juu ya miaka kumi na miwili iliyozizaa.

Siku nne zilizopita nilirudi kutoka Chamwino na kapu la karanga kichwani. Wewe ndiye uliyenituma kule. Ulisema, "Mama, mjomba anaumwa, nenda ukamwone." Nikaenda mbio mbio. Nikamkuta mjomba wako juu ya paa la tembe lake anakandika udongo, anaimba. "Nani kakwambia naumwa?" akaniuliza. Nikadhani habari imepotoka njiani. Nikabaki wiki mbili namsaidia kuvuna, mjinga mimi, kumbe huku nyumbani wazee wa Salumu wamekuja, wamekaribishwa, wamekula, wamekubaliana na baba yako, wamekwenda zao.

Niliporudi nikamkuta mwanamke mgeni uani, amekaa kwenye kigoda changu. Kabla sijatua kapu wewe ulikwisha simama. "Bi Mwanne," ukasema, "huyu ndiye shangazi yangu, dada yake baba. Ndiye aliyenilea."

Yule mama akainuka, akanishika mikono yote miwili. "Ahsante, dada yangu. Salumu ni mtoto wa kaka yangu, nimekuja kumchukulia mke wake, na mke nimemwona, ana adabu. Umemlea vizuri. Mungu amrehemu marehemu mama yake."

Nami nikaitikia, "Amina."

Ulikuwa umeshika kibuyu cha maziwa. Hukukitua, hukuniangalia. Baba yako alikuwa kizingitini anachonga mpini wa jembe, naye hakuinua macho. Nikaingia ndani kumpikia mgeni ugali, na tangu siku ile nimekuwa shangazi wa mwanangu ndani ya nyumba niliyoikandika kwa mkono mmoja.

Siku ya pili ulinifuata zizini. Ulinong'ona, "Mama, nisamehe. Wakijua watasema ugonjwa uko kwenye damu. Hawatanichukua." Nikakwambia, "Shangazi yako anakamua, usimpotezee muda." Ukaondoka unalia. Nilifurahi kukuona unalia. Naliandika hilo kwa sababu nimeapa leo nisiandike uongo.

Sasa nisikilize, kwa maana mengi ya haya hujawahi kuyasikia kutoka kinywani mwangu.

Nilikuwa na dada mkubwa. Ulikuwa hujazaliwa alipoota kitu kigumu kwenye titi, kama kokwa. Waganga walimchanja, wakampaka dawa, wakamfunga majani. Kokwa likawa ngumi, ngumi ikapasuka. Mwishoni nyumba yake ilinuka hata mbwa hawakuingia, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha. Alikufa ananishika kiganja, ananiambia nisimwambie mama jinsi linavyouma. Basi nilipolipata la kwangu, upande wa kushoto, wewe una miaka mitano, sikuhitaji mganga wa kuniambia jina lake.

Wakati huo kulikuwa na daktari wa Kidachi kwenye boma moja upande wa machweo, mwendo wa siku sita kwa miguu. Mjomba wako aliyabebea mizigo majeshi yao, alimwona akimkata askari mguu uliooza, na yule askari akapona. Nikamwambia baba yako nataka kwenda. Akasema, "Mke akikatwa na Mdachi, sina haja naye." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesema mvua haitanyesha.

Niliondoka alfajiri. Uliamka ukaniuliza, "Mama, unakwenda wapi?" Nikakujibu, "Nakwenda kuchota maji, nakuja sasa hivi." Nikachukua mtungi ili uniamini. Mtungi niliuficha kichakani, nikamfuata mjomba wako.

Nilikaa miezi saba.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, Nyemo, na nimelijengea mengine juu yake. Ningeweza kukwambia ukweli. Ungelia, ungenishika nguo, labda nisingeondoka. Niliogopa machozi ya mtoto kuliko kisu cha Mdachi. Nilisikia baadaye kwamba ulikaa kwenye njia ya kisimani siku baada ya siku, hata Mama Chilewa, mke mwenzangu, akachoka kukufuata. Siku moja akakwambia, "Ingia ndani, mama yako amekufa." Huenda alisema kwa kuchoka. Huenda aliamini. Lakini ulinyolewa kichwa, ukanililia kama wafiwa wanavyolia. Umenizika mara mbili wewe. Mara ya kwanza niliitaka mwenyewe.

Kule bomani daktari aliniangalia kifua mbele ya wanaume watatu. Alikuwa kijana, masikio mekundu, hakujua hata kunisalimu. Msaidizi wake Hamisi, mtu wa Tanga aliyekwisha jifunza Kigogo, alinitafsiria. "Anasema anaweza kulikata lote. Anasema unaweza kufa mezani. Anasema usipokatwa utakufa, hilo hakuna labda."

"Mwulize atakata mpaka wapi."

Hamisi akamwuliza. Daktari akajichora mwenyewe kifuani kwa kidole, kutoka kwapani mpaka katikati.

"Mwambie akate."

Walinifunika pua kwa kitambaa chenye dawa. Nilipozinduka, upande wangu mmoja ulikuwa ubao. Maumivu ya siku zile sitayaandika. Nitaandika sauti, kwa sababu kitanda changu kilikuwa karibu na dirisha, na dirisha lilitazama uwanja wa kuchapia. Kila wiki walikuwapo wanaume wamelazwa pale, wengine kwa kodi ya kibanda, wengine kwa kukimbia kazi, na kiboko kikihesabiwa kwa sauti. Daktari akija kunifunga kidonda, mikono yake ni myepesi kama ya mama, na nje watu wake wanamchana mtu ngozi. Mara moja nilimwuliza Hamisi, "Huyu hasikii?" Akajibu, "Anasikia. Baadaye atakwenda kuwafunga na wao." Niliwachukia wale watu na ninawachukia mpaka leo, na uhai wangu nimeupata kwao. Usiniombe nikupatanishie mambo hayo mawili. Sijaweza.

Hamisi alikuwa akiandika majina ya wagonjwa kwenye kibao cha mawe. Nikamwomba anionyeshe la kwangu. Akanionyesha. Nikamwomba anionyeshe na la kwako. Hivyo ndivyo nilivyojua kusoma, na Kiswahili nilikipata palepale. Nakuandikia kwa lugha hii kwa sababu ndiyo niliyofundishwa kuiandika, na kwa sababu nyingine: kwa Kigogo chetu ningekulilia. Kiswahili kinanisaidia kugomba.

Nikarudi. Ulikuwa uani unachezea majivu. Uliniona, ukapiga ukelele, ukakimbilia nyuma ya Mama Chilewa. Ulidhani mzimu. Mama mwingine angekaa chini, angengoja, angekuita taratibu hata kama ni siku tatu. Mimi nilikuwa nimetembea siku nane na kidonda kibichi, nilikuwa nimeota uso wako kila usiku. Nikakufuata, nikakuvuta mkono, nikakupiga kofi. "Mimi ni mama yako!" nikakwambia, na nikakupiga tena. Ndivyo tulivyoonana upya.

Baba yako alinipokea. Hakunifukuza, hilo nampa haki yake. Lakini chumbani kwangu hakuingia tena, na watu walijua. Wakasema titi nimewauzia Wadachi wafanyie dawa ya vita. Ng'ombe wa jirani akiharibu mimba, macho kwangu. Wewe kwenye malisho watoto wakakuita "Mwana wa Titi-Moja." Ulikuja unalia, una miaka minane. Nikakukalisha hapa hapa ninapoandika, nikakwambia, "Waambie mama yangu aliungua moto." Ukasema, "Lakini hukuungua." Nikakushika sikio nikalipinda mpaka ukasema, "Aliungua moto, aliungua moto." Nikakurudisha kwao ukaseme.

Unaona nilivyo na haki ya kukasirika? Nimekufundisha mwenyewe kunifanyia uongo, nikakupa na kiboko cha kukumbukia. Umezidisha tu ulichopewa. Lakini bado nimekasirika. Kujua mbegu nimepanda mimi hakufanyi tunda liwe tamu.

Mkono wangu wa kushoto ulivimba, haukuinuka tena kupita bega. Kwa hiyo kutwanga ukatwanga wewe, maji ukateka wewe, na mimi nikasimama nyuma yako nikisema unatwanga vibaya. Siku uliyochungulia nilipokuwa naoga, nilikupiga kwa mwiko mpaka ukajikojolea. Ulikuwa umeuliza swali moja tu: "Mama, linauma?" Nimekuwa na miaka tisa ya kulijibu. Ndiyo, linauma. Linauma baridi ikiingia, linauma nikicheka, na wakati mwingine linauma pale pasipo na kitu.

Sikukukumbatia. Ulizoea kunijia ubavuni wakati wa baridi, na mimi nakusukuma, nasema una viwiko vikali. Viwiko vyako havikuwa na lolote. Niliogopa kichwa chako kingelala upande ule na ungesikia mbavu.

Halafu ukakua. Ukaota matiti, na mimi, mama yako, niliyatazama kwa chuki. Kila mwezi mpya ulipoandama nilikuita zizini, nikakuvua nguo, nikakubonyeza kwa vidole hivi vigumu mpaka kwapani. Ulisimama umefumba macho, machozi yanakutoka. Uliwaambia wenzako mama yako ana wazimu. Matika alimwambia mama yake, mama yake akaniambia. Sikukueleza kitu. Nilidhani nikilitaja nitaliita.

Nilikuwa natafuta kokwa, Nyemo. Dada yangu alilipata, mimi nililipata. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta kila mwezi, na kila nilipolikosa nilikusukuma nikasema, "Vaa, nenda ukatwange," kisha nikabaki zizini nikishika nguzo. Ungejua ile ilikuwa furaha. Usingeweza kujua, haikufanana nayo.

Sasa vidole vyangu havitafika Tabora. Itakubidi ufanye mwenyewe, polepole, kwa mkono laini kuliko wangu. Na ukikuta kitu, usimfiche mumeo, usikae na waganga miezi mitano kama dada yangu. Piga kelele. Nenda kwa yeyote mwenye kisu na akili, hata kama unamchukia. Hili ndilo neno moja ambalo marehemu mama yako asingeweza kukwambia, na ndilo lililonifanya leo asubuhi nifanye nilichofanya.

Au nadanganya. Nimeapa. Leo asubuhi nilifanya nilichofanya ili nikuumize.

Ulipotoka tu kwenda kusukwa, nilimwita Bi Mwanne ndani. Nikafunga mlango. Nikafungua kaniki yangu, nikaiacha ianguke.

Akatazama. Hakufunika mdomo, hakurudi nyuma. "Nani kakufanyia hivi?"

"Daktari. Nilikuwa na donda la ndani. Miaka kumi na miwili sasa."

"Na umepona?"

"Unavyoniona."

"Pole, shangazi wa Nyemo."

"Mimi si shangazi wa Nyemo. Nimemzaa."

Hapo ndipo alipowaka. Sijawahi kuona mtu mnene akiinuka haraka vile. "Umenifanya nimwombee rehema mtu aliye hai? Na wewe ukaitikia amina? Mbele ya Mungu? Nyinyi ni watu gani?" Akazunguka chumba akitafuta viatu vyake, akavipata, akavivaa kinyume. "Mtoto mwongo, mama mwongo, baba kakaa kimya kama gogo! Nakwenda stesheni kumwambia Salumu. Akisema basi, ni basi. Narudi Tabora peke yangu."

"Nenda," nikamwambia. Na moyoni nikasema juu yako: vizuri. Abaki. Abaki hapa anitwangie mpaka azeeke. Ndiyo, nililisema hilo, mama yako.

Akatoka. Njia ya kutoka hapa Ihumwa mpaka stesheni ya Dodoma wewe unaijua, umepeleka maziwa kwa watu wa reli miaka miwili. Nilimwona akipungua njiani na kanga yake nyekundu, na kadiri alivyopungua hasira yangu nayo ikapungua, pakabaki hofu tupu. Nilitaka kumkimbilia. Nikasimama. Nikafikiri jinsi nitakavyokwambia jioni kwamba huolewi, na kwamba aliyekuvunjia ni mimi.

Jua la utosini Salumu akaja. Alikuja peke yake, juu ya punda wa kuazima, amevaa koti lake la karani, jasho tele. Nilidhani amekuja kutukana. Akashuka, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Nikashindwa kuitikia. Akangoja. Mwishowe nikasema, "Marahaba."

Akakaa chini. Akasema, "Mama, mimi nilijua. Watu wote wa Ihumwa wanaouza maziwa stesheni wananijua. Walianza kuniambia juu yako kabla sijamaliza kumwuliza Nyemo jina lake."

"Ukajua na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe. Nilimpa nafasi nyingi. Nilimwuliza, 'Mama yako alikufa kwa nini?' Akaniambia kwa homa. Aliniambia na machozi, mama. Machozi ya kweli." Alikuwa anazungusha kofia mikononi. "Shangazi yangu sikumwambia. Niliogopa atakataa. Kwa hiyo na mimi si msafi."

Nikamwuliza, "Sasa?"

"Sasa namchukua. Shangazi amekasirika, atapanda behewa jingine, lakini atapanda." Akainuka. Mlangoni akageuka. "Ila nitakuwa namtazama akilia, miaka mingi, na sitajua."

Ndicho alichosema. Nakupa neno kwa neno maana ndilo litakalolala kati yenu, na mimi siwezi kulitoa. Nilipomwambia wewe hujui kwamba anajua, akasema, "Mwambie wewe, mama, mimi sitaweza kuanza." Basi nimekwambia. Machozi yale najua yalikuwa ya kweli. Ulilia kweli ukiwa na miaka mitano, kichwa kimenyolewa, na hakuna aliyekuja kukwambia uache. Ungeweza kumweleza hivyo. Au usiweze. Mimi nimeshindwa kueleza mambo madogo zaidi.

Sitakuomba radhi kwa asubuhi ya leo, bado sijui kama naijutia. Nakuomba radhi kwa kofi la siku niliyorudi. Hilo nalijutia kila siku.

Nilikusudia kuifunga barua hii ndani ya mzigo wako, katikati ya nguo, uikute Tabora, mimi niko mbali na uso wako. Ndivyo nilivyopanga nilipoanza. Lakini sasa nawasikia wewe na Matika njiani, mnaimba ule wimbo wa kuwacheka mabibi harusi, na jua bado lipo la kusomea. Herufi nilikufundisha mwenyewe kwa mkaa ukutani, kwa hiyo hutahitaji msomaji. Nitakupa mkononi ukiingia. Utaisoma hapa uani, nimekaa mbele yako, na ukimaliza uniambie lolote ulilonalo, hata tusi. Matika nitamwambia aende kwao.

Mama